JE, HAYA NI UDHURU? MAS'ALA YA MUME NA HEDHI ILIYOHARIBIKA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baadu.

Huulizwa swali hili: Mtu ana mke ambaye hedhi yake imeharibika, mwezi huu humjia mapema, mwezi ule hukawia, na pengine damu humshika siku 20 asitwahirike. Mke huona haya kusema, na mume huona haya kuuliza, akajifariji kwa kusema, “Hayo ni mambo ya wanawake.” Je, haya hiyo ni udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu?

Jawabu: Si udhuru, na lawama ya mume ni kubwa kuliko ya mke, kwani yeye ndiye aliyekabidhiwa usimamizi wa nyumba. Na haya yenyewe yataka kupambanuliwa. Iko haya imzuiayo mtu na maovu, nayo ni katika imani; na iko ile imzuiayo mtu na wajibu wake, nayo wanavyuoni wamesema kwamba si haya kwa hakika, bali ni unyonge uliovikwa nguo ya haya. Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na sifa hiyo ilikuja katika habari ya mwanamke aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) namna ya kuoga josho la hedhi. Basi ikiwa mwanamke alisifiwa kwa kuuliza, mwanamume mwenye ndevu zake atasema nini?

Na katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Fatima binti Abi Hubaishi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshitakia kwamba damu haimkatiki, naye auliza kama aache swala. Mtume (S.A.W.) akamkataza kuiacha, akamjulisha kwamba ile ni damu ya mshipa wala si hedhi, na kwamba aache swala kwa kadiri ya hedhi yake tu, kisha aoge na kuswali. Hebu na aizingatie hadithi hii mwenye akili. Hakuambiwa ni najisi wa kukimbiwa, wala hakuambiwa anyamaze. Alipambanuliwa damu mbili, moja ya maumbile na moja ya maradhi, na kila moja ikapewa hukumu yake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, uchache wa hedhi ni usiku na mchana, aghlabu yake ni siku 6 au 7, na wingi wake ni siku 15. Na uchache wa twahara baina ya hedhi mbili ni siku 15. Ipitayo mpaka huo ni istihadha. Watu wengi wa pwani husikia hesabu hizi chuoni wakiwa wadogo, kisha wakioa huzisahau, ilhali ndipo zinapohitajiwa. Mfano: mwanamke ada yake ni siku 6, na mwezi mmoja damu ikamwendea siku 20, rangi yake moja isiyobadilika. Huyu hurejeshwa kwenye ada yake, na siku 14 zilizobaki ni istihadha, nazo zina swala 70 za faradhi. Ikiwa aliziacha zote naye hajui, zimo shingoni mwake azilipe. Na mumewe alikuwa akipita mbele yake kila alfajiri kwenda msikitini!

Mwengine humjia damu siku 4, ikakatika siku 3, ikarudi siku 4. Hiyo yote ni hedhi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, kwa kuwa imo ndani ya siku 15. Lakini ikimjia siku 7, akatwahirika siku 10, kisha ikarejea siku 3, hii ya pili ni istihadha, kwani twahara haijatimia. Basi husafisha mahali, akajifunga kitambaa, akatawadha kwa kila faradhi baada ya kuingia wakati wake, akaswali pasi na kukawia, na kufunga hufunga, na mumewe ni halali kwake. Babu hii ni nzito. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameihesabu katika milango migumu ya fiqhi, naye ametaja kwamba ad-Darimi alitunga kitabu kizima juu ya mwanamke aliyesahau ada yake tu. Kwa hiyo kutoijua si aibu. Aibu ni kukaa nayo bila ya kuuliza.

Na Imamu Ghazali katika Ihya ameweka wazi kwamba mume humfundisha mkewe. Ikiwa hajui, humwulizia. Na asipomwulizia, mke ana haki ya kutoka kwenda kuuliza, na mume akimzuia hupata dhambi. Zamani somo alimfundisha mwari usafi na adabu pale damu yake ya kwanza ilipomjia, na kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini mas'ala ya siku 20 aghlabu hayakuwa katika mafunzo yake.

Ama upande wa maradhi, kujua hukumu hakutoshi. Matabibu wa leo huhesabu kuwa ni kawaida ikiwa baina ya mwanzo wa damu na mwanzo wa damu ifuatayo ni siku 24 hadi 38, na damu isizidi siku 8. Haya si kinyume cha fiqhi, maana tabibu hutafuta uzima na fakihi hutafuta hukumu ya swala. Damu huharibika kwa sababu nyingi: msichana aliye katika miaka ya mwanzo, mwenye kunyonyesha, aliyekaribia ukomo, mwenye sindano au vijiti vya kuzuia mimba, na wako wenye uvimbe katika kizazi, au maradhi ya tezi ya shingo, au wale ambao yai lao halipevuki kwa wakati wake. Nyingi katika hizo zina dawa. Damu nyingi ya siku nyingi humkausha mwanamke, akawa na kizunguzungu na moyo kumwenda mbio, na watu wa nyumbani wakamwita mvivu. Na ikiwa damu inamlowesha kitambaa kila saa, au imekuja baada ya kukoma mwaka mzima, au baada ya kuingiliana, au hedhi imekawia kisha yakaja maumivu makali ya tumbo, apelekwe kwa tabibu wala asingojewe. Akipatikana tabibu mwanamke ndiye bora. Asipopatikana, haja huhalalisha mwanamume, pamoja na mahramu wake kuwapo.

Huenda mtu akasema: basi mume amepewa ruhusa ya kumchungua mkewe? La. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 228, wanawake wamekatazwa kuficha aliyoyaumba Mwenyezi Mungu katika vizazi vyao, na wanavyuoni wametoa hapo kwamba neno lao katika jambo hili hukubaliwa. Kwa hiyo habari ni ya mke, na mume hana ila kuisadiki. Anayemtuhumu mkewe kwamba asingizia damu ili amkimbie kitandani amevuka mpaka, na mbaya kuliko yeye ni yule amwitaye tasa kwa ugonjwa ambao hakuwahi kumgharimia hata nauli ya hospitali.

Na talaka nayo imo humu. Kumwacha mke aliyeingiliwa akiwa katika hedhi ni haramu, ijapokuwa hupita. Na eda ya mwenye hedhi huhesabiwa kwa twahara tatu. Asiyejua siku za mkewe atawezaje kujiepusha na haramu hiyo?

Dawa nyepesi ni daftari. Mke aandike siku na saa damu ilipoanza, rangi yake, na ilipokatika. Fakihi atauliza hayo, na tabibu atauliza hayo hayo. Saa ina maana, kwani damu ikikatika kabla ya jua kuchwa, japo kwa kadiri ya takbira, adhuhuri na alasiri zimemlazimu. Daftari ni lake. Mume hulinunua, wala halifungui ila kwa idhini yake. Wallahu aalam.