Amana ya Gurudumu la Mbele

Kuna kazi ambazo ubaya wake hujitangaza palepale. Chapati ikiungua, harufu humfikia jirani; ukuta ukipinda, kila mpita njia huuona. Na kuna kazi nyingine ambazo ubaya wake hujificha nyuma ya sura njema, usidhihiri ila siku ya msiba. Kulirudisha gurudumu la mbele la pikipiki mahali pake ni mojawapo ya kazi hizo. Gurudumu lililofungwa sawasawa na lililofungwa ovyo husimama uani kwa umbo lile lile, na apitaye hawezi kuyatofautisha. Kwa hiyo jambo hili, ambalo aghalabu huachiwa mafundi, ni la maadili kabla halijawa la ufundi. Mtu anadaiwa nini na mwenziwe katika kazi ambayo mwenziwe huyo hana uwezo wa kuikagua?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika kijiji kama Ngarambe, wilayani Rufiji, kusini mwa mto, jirani na mbuga zilizokuwa zikiitwa Selous, ambazo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko, kama katika vijiji vingi vya Tanzania, pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, na ndiyo mkokoteni wa mkulima wa ufuta. Na uchukuliwe mfano wa kijana aliyepata pancha jioni. Hana karakana, ana ua wa nyumba yao, spana mbili, bisibisi, na mwanga wa simu. Analitoa gurudumu, anaziba mpira, analirudisha. Kabla ya alfajiri jirani anabisha hodi: mkewe ameshikwa na uchungu, na lazima afikishwe hospitali, Utete. Mama yule hatauliza habari za nati. Atapanda, atashika anachoweza kushika, na safari itaanza. Kwa kupanda kwake tu amekwisha kumkabidhi kijana yule nafsi mbili.

Kazi yenyewe si ndefu. Pikipiki husimamishwa juu ya stendi yake ya katikati, gogo likawekwa chini ya injini ili isiinamie mbele. Ekseli, yaani kile chuma kirefu kipitacho katikati ya gurudumu, hufutwa mchanga na kutu na kupakwa grisi kidogo; beringi huzungushwa kwa kidole ili ijulikane kama zinakwaruza. Tairi likiwa na mshale ubavuni, mshale huo sharti ufuate mzunguko wa gurudumu liendapo mbele. Kila bushi hurudi upande ilikotoka. Kisha huja jambo ambalo ni rahisi kulipuuza. Katika pikipiki nyingi zenye breki ya ngoma, kifuniko kinachobeba breki kina mfuo, na mguu wa shokapu una jino. Jino hilo lazima liingie ndani ya mfuo. Lisipoingia, huenda gurudumu likakaa, nati ikakaza, na pikipiki ikatembea. Lakini siku breki itakapobanwa kwa nguvu, kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu, waya wa breki utajisokota, na gurudumu laweza kukwama ghafla na kuwarusha waliopanda.

Baada ya hapo ekseli hupitishwa, na nati hushikizwa kwa mkono tu. Pikipiki hushushwa kutoka kwenye stendi, breki ya mbele hubanwa, na usukani husukumwa chini mara kadhaa ili miguu ya shokapu ijipange bila kupindana. Ndipo nati inapokazwa kwa kiasi alichokiweka mtengenezaji. Na ikiwa ni nati ya kutiwa pini, hutiwa pini mpya, si ile ya zamani iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa. Mwisho gurudumu huinuliwa tena na kuzungushwa: lisiyumbe, na breki ilikamate na kuliachia. Ikishakwenda mwendo mfupi, nati huguswa mara ya pili.

Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayomshinda mtu mzima mwenye subira. Ugumu uko kwingine: karibu kila moja yaweza kurukwa, na pikipiki ikaenda vilevile, leo na yumkini kesho. Nani atajua kwamba pini ni ya zamani? Nani atajua kwamba usukani haukusukumwa chini kabla ya nati kukazwa? Anajua mmoja tu, naye ana usingizi, giza limeingia, na mbu wa bondeni hawana huruma. Hapo ndipo maadili yanapopimwa, mahali pasipo na shahidi wala sifa.

Wapo watakaosema kwamba kijana akiwa na nia njema, ametimiza wajibu wake, na yatakayotokea ni ya Mungu. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani hata wanafalsafa wakubwa wameipa nia cheo cha juu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alishikilia kwamba hakuna kitu kinachoweza kuitwa chema bila sharti lolote isipokuwa nia njema. Lakini mara nyingi husahauliwa kwamba mwanafalsafa huyo huyo alitahadharisha kuwa nia si matamanio matupu. Ni kuzikusanya njia zote zilizo katika uwezo wa mtu. Aliyetamani abiria wake wafike salama, ilhali hakuinama kutazama kama jino limeingia katika mfuo, hakuwa na nia njema. Alikuwa na matumaini mema, nayo ni kitu kingine. Wahenga waliposema kwamba mwamini Mungu si mtovu hawakumruhusu mtu amwachie Mungu nati ambayo mkono wake mwenyewe unaifikia.

Ngarambe ina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa kuwa ni hapo hapo, katika miaka ya 1904 na 1905, Kinjikitile Ngwale alipowagawia watu maji ya dawa. Watu walikuja kutoka mbali. Walikuwa wamelimishwa pamba kwa nguvu chini ya utawala wa Wadachi, na dhuluma ilikuwa imewafika kooni. Maji yale yaliyaunganisha makabila yaliyokuwa hayajapata kushikana, na kazi hiyo ya kuunganisha ilikuwa ya kweli. Lakini ilisemekana pia kwamba risasi zingegeuka maji, na neno hilo halikuwa na mahali pa kujaribiwa ila vitani. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete; tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro; na tarehe 30 Agosti, mbele ya boma la Mahenge, waliopakwa maji waliukabili mzinga wa risasi za rashasha, wakaanguka kwa mamia. Makisio ya waliokufa katika vita vyote, wengi wao kwa njaa iliyofuata, hutofautiana mno, kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Haifai kuwacheka watu wale. Imani yao ilikuwa ya wenye haki waliokosa silaha, na wanaopaswa kuona haya ni waliowalimisha kwa viboko. Hata hivyo msiba wao unafundisha kwamba imani ya wengi, hata ikiwa safi namna gani, haikigeuzi kilichoaminiwa. Ukubwa wa imani huongeza tu ukubwa wa deni la yule aliyeaminiwa. Mama anayepanda pikipiki alfajiri hawezi kulijaribu gurudumu. Akilijaribu, analijaribu kwa mwili wake. Basi jaribio sharti lifanywe kabla yake, na gharama yake ibebwe na aliyefunga.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969, alilikoleza suala hili zaidi. Mwishoni mtabiri anatakiwa na maadui zake akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anatambua kwamba ungamo lake litatumiwa kuuzika ukweli ulio mkubwa zaidi, yaani haki ya watu kupinga dhuluma. Msomaji anaweza kumwelewa, hata kumheshimu. Lakini udhuru huo haukopesheki. Kijana wa pikipiki akikumbuka usiku wa manane kwamba hakuirudisha bushi moja, hakuna haki ya taifa inayolindwa kwa kimya chake. Kinacholindwa ni uso wake tu. Wajibu wake ni kuamka, au, kama jirani amekwisha kupanda, kusimama njiani na kusema: "Shukeni kidogo, mama, nimekosea mahali." Maneno hayo ni mazito kuliko spana yoyote, na huenda ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za ufundi.

Itasemwa kwamba huu ni ukali usiojali umaskini. Spana ya kupimia nguvu ni ghali, fundi mwenye karakana yuko mbali, na masika yakishika barabara haipitiki. Ni kweli, wala haki haimdai mtu asichoweza kuwa nacho. Asiye na kipimo atakaza kwa mkono wake, kisha atampitisha kwa fundi mwenye kipimo siku ya kwanza atakayoweza. Lakini yako mengi yasiyogharimu hata senti: kutazama mara mbili, kuvipanga vyuma juu ya kitambaa kwa utaratibu vilivyotolewa, kungoja mapambazuko badala ya kubahatisha gizani. Umaskini waweza kuwa udhuru wa kukosa chombo. Hauwezi kuwa udhuru wa kukosa kuangalia. Kinyume chake, palipo na vyombo vichache, jicho ndilo chombo kilichobaki, na anayelifumba amejinyima cha mwisho alichokuwa nacho.

Wala isidhaniwe kwamba shaka anayotakiwa kuwa nayo kijana huyo ni udhaifu. Mtu huambiwa ajiamini, na kujiamini kuna mahali pake. Lakini katika kazi ambayo mwingine ataitegemea bila kuiona, anayejiamini upesi amemnyang'anya mwenziwe ulinzi pekee aliokuwa nao. Kwa vile abiria hawezi kutia shaka, aliyefunga sharti atie shaka kwa niaba yake. Ndivyo amana inavyoshikwa.

Kwa hiyo kijana yule, akimaliza kazi yake uani, haanzi kwa kumbeba mtu. Anapanda peke yake, anakwenda taratibu hadi mwisho wa kijiji, anabana breki ya mbele kwa upole, halafu kwa nguvu kidogo zaidi. Anarudi, anazima injini, anapiga magoti mchangani, na kuigusa nati kwa mara nyingine. Ikiwa imekaa, anaingia kulala. Jirani akibisha hodi alfajiri, ataweza kumwitikia bila kuinamisha macho.