Mgonjwa Mgeni Amwamini Nani?



Katika toleo hili tutafakari pamoja swali ambalo familia nyingi hapa kambini zinalibeba kimya kimya. Mtu aliyekimbia kwake anapougua, huenda kwenye kituo cha afya asichokijua. Wahudumu si watu wa kijiji chake. Wanaandika Kireno, naye anasema Kimakonde, Kimwani au Kiswahili. Kadi ya mtoto na karatasi za hospitali zilibaki katika nyumba iliyochomwa. Hapo anaambiwa anyooshe mkono achomwe sindano, au ameze kidonge asichojua jina lake. Je, ni haki kumtaka mtu wa namna hiyo aamini? Na asipoamini, ana kosa?

Wako wanaojibu haraka kwamba hana kosa lolote, kwa kuwa mtu humwamini anayemjua, na mgeni hamjui mtu. Hoja hii ina uzito, tusiidharau. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, hadi shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021 na baada yake, watu wa pwani hii wamejifunza kuogopa hata hatua za mtu usiku. Mwaka 2022 hesabu ya waliokimbia makwao ilipita milioni 1. Mtu aliyepita humo halaumiwi akimtazama mgeni kwa mashaka.

Hata hivyo, tuipime hoja hiyo vizuri. Baadhi ya vijana walioingia vijijini na mapanga walikuwa wazaliwa wa wilaya hizi hizi. Watu waliwajua kwa sura, na waliwajua wazazi wao. Kwa upande mwingine, wengi waliofika Pemba na Metuge bila kitu walipokelewa katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuwaona. Basi kujuana peke yake si kipimo. Aliyejulikana aliua, na asiyejulikana alitoa mkeka na maji. Inatupasa kutafuta kipimo kingine.

Kabla ya kukitafuta, tuone kutoamini kunaweza kumfikisha mtu wapi. Baada ya kimbunga Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019, kipindupindu kiliingia Pemba na wilaya za jirani. Kama ilivyowahi kutokea miaka ya nyuma, uvumi nao ulikuwa ukitembea kaskazini mwa nchi yetu, kwamba wanaotia dawa katika maji ndio wanaoleta ugonjwa. Kwa Kireno dawa hiyo huitwa cloro, na kipindupindu huitwa cólera. Maneno mawili yanayofanana masikioni yamewahi kusababisha wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji kupigwa, na wengine kuuawa. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichojaa watu wapatao 130 kiliondoka Lunga, mkoa wa Nampula, kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Kilizama, na watu zaidi ya 90 walikufa, wengi wao watoto. Viongozi wa mkoa walieleza kwamba watu wale walikuwa wakikimbia kwa hofu iliyotokana na habari za uongo juu ya kipindupindu.

Tusiwacheke marehemu wale. Uvumi huota mahali ambapo watu huamriwa bila kuelezwa. Mama akiona mtu anamimina kitu kisimani, asiambiwe ni nini, atatafuta maelezo yake mwenyewe, na usiku huo huo jirani atampa. Kwa hiyo kosa la kutoamini halimwangukii mgonjwa peke yake. Nesi anayetupa kidonge mezani bila neno, au anayemkaripia mzee kwa sababu hajui Kireno, naye anapanda mbegu ya uvumi.

Sasa tumwendee Bwana wetu. Mfano wa Msamaria mwema, katika Injili ya Luka sura ya 10, tumezoea kuusoma kwa upande wa aliyesaidia. Sisi tuliokimbia tuusome kwa upande wa aliyelala njiani. Yule alikuwa amenyang'anywa kila kitu na wanyang'anyi. Aliyemwinamia alikuwa mtu wa taifa ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo. Kama kipimo chake kingekuwa kujuana, angeusukuma mkono ule na kufa. Watu wa dini yake, aliowajua, walikuwa wamekwisha kupita upande wa pili.

Lakini tazameni pia alichokifanya yule Msamaria. Alimkaribia, akamfunga majeraha, akamlipia, na akaahidi kurudi. Hapa ndipo tunapata kipimo: tusimpime mhudumu kwa kabila lake, wala kwa dini, wala kwa lugha, bali kwa matendo yake. Je, anasikiliza? Anaeleza? Anamtazama mgonjwa, au karatasi tu? Anayefanya hivyo anastahili kuaminiwa, hata kama jina lake hatujalijua.

Kumbe kuamini si kufumba macho. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: ugonjwa wangu unaitwaje, dawa hii ni ya nini, ninywe mara ngapi, nirudi lini? Kuuliza si dharau. Hata anayekuja na dawa ya maji anaweza kuulizwa, naye ajibu kwamba inaua vijidudu. Ajibu pia kwamba anayeharisha sana anaweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa maji, na kwamba akiwahi kutibiwa, karibu wote hupona. Kila mama ajue pia maji ya kumpa mtoto wakiwa njiani kwenda kituoni: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Nasi tuna deni letu, nalo ni ukweli. Wako waliokuwa wakinywa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, au dawa za kifua kikuu ambazo kwa kawaida humezwa miezi 6, vita vikawakatisha. Wakifika kituo kipya hunyamaza kwa aibu. Daktari aliyefichwa hutibu gizani, na kifua kikuu kilichokatizwa dawa huweza kurudi kikiwa kigumu zaidi, kikaambukiza na watoto. Mwenye kadi aitunze kama anavyotunza kitambulisho. Aliyeipoteza aseme wazi alikuwa akinywa nini.

Na hapa liko jambo linalotuhusu kama kanisa. Mara nyingi mkalimani wa mama ni mwanawe aliyejifunza Kireno shuleni. Mama atasemaje maumivu ya uzazi mbele ya mtoto wa kiume wa miaka 12? Atanyamaza, na ugonjwa utabaki. Jumuiya zetu zinaweza kuchagua watu wazima wanaojua Kireno, wanawake kwa wanaume, wanaoweza kufunga midomo yao. Atakayetangaza kisimani alichokisikia kituoni ameiba kitu asichoweza kukirudisha.

Wazee wetu walipitia haya. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu walivuka mto Ruvuma kwenda Tanganyika. Wengine walipelekwa makazi ya Rutamba, Lindi, mahali palipokuwa pageni kwao. Huko walitibiwa na watu wasiowajua, wakazaa watoto, na wengi wakarudi nchi ilipopata uhuru mwaka 1975. Tuwaulize wazee walio hai kati yetu walimwaminije nesi wa kwanza, na vijana wasikilize.

Aliye mgonjwa wiki hii asibaki nyumbani kwa hofu. Atafute mtu wa kumsindikiza, aende, aulize, aseme kweli. Nasi tuwaombee wahudumu wa vituo vyetu, kwa maana baadhi yao nao walikimbia vituo vyao vilipochomwa, nao ni wageni kama sisi.

Bwana awaponye na kuwalinda. Amina.