Bunduki Mlangoni mwa Supamaketi

Juzi niliingia supamaketi moja hapa Nairobi kununua unga na maziwa. Watu wanne mbele yangu walipita, soja akiwapungia tu mkono. Nilipofika mimi: "Warya, simama kando kwanza." Akapitisha kile kifaa cha kupimia chuma kifuani, mgongoni, kwa begi, kisha tena kifuani. Sikukasirika sana. Mimi ni wa Griftu, kaunti ya Wajir, nimezoea. Lakini ndani, kati ya rafu, swali lilinikaa: na kama angekuwa na bunduki?

Kenya, soja wa kampuni binafsi habebi bunduki. Tarehe 21 Septemba 2013, Al-Shabaab walipovamia Westgate, walinzi wa mlangoni hawakuwa na silaha ya kuwazuia. Watu 67 waliuawa. Tangu hapo, kila kukitokea shambulizi, lazima mtu aulize: si tuwape masoja bunduki? Ni swali la haki. Huwezi kumsimamisha baba wa watoto mbele ya AK-47 na rungu mkononi, halafu umwite mlinzi.

Na wanaouliza wana mfano mzuri. Siku hiyo Abdul Haji, mtoto wa Yusuf Haji aliyekuwa seneta wa Garissa, aliingia Westgate na bastola yake ya leseni kwa sababu kaka yake alikuwa amekwama ndani. Akasaidia kutoa watu. Ile picha ya msichana mdogo anakimbia kumwendea, wengi wetu tumeiona. Bunduki iliokoa maisha, siwezi kubisha.

Ila hebu iangalie picha hiyo tena. Msomali, hana sare, ana bastola. Sasa muongeze soja mwenye bunduki, amefunzwa wiki chache, roho iko mkononi, ana sekunde mbili za kuamua huyu ni nani. Mimi najua angeamua nini. Alishaamua kunihusu, na nilikuwa na begi tu.

Nyumbani bunduki si kitu kigeni. Kuna polisi wa akiba wanaolinda watu na mifugo. Lakini anayeibeba tunamjua ni mtoto wa nani, na akikosea wazee wanajua waende kwa nani. Tunajua pia upande ule mwingine. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir hii hii, operesheni ya serikali ya kukusanya silaha iliishia kwa mauaji ya raia. Wale walikuwa na sare, walikuwa na mafunzo. Shida ni kwamba mshukiwa alikuwa amechaguliwa mapema, kwa ukoo wake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: bunduki ibaki kwa polisi, na polisi wawe karibu. Soja apewe redio inayojibiwa, bima, mshahara wa maana, na ruhusa ya kukimbia. Hakuna unga wa kufia. Najua kuna siku hilo halitatosha, na siku hiyo mtu atakufa ambaye bunduki ingemwokoa. Nimelifikiria hilo, na bado nasema hapana.

Nikitoka, yule soja aliniita. "Pole bro, ni kazi tu."

"Najua, brathe," nikamwambia.

Alikuwa amekosea, na kosa lake lilikuwa la kuombewa msamaha. Nataka makosa ya mlangoni yabaki ya aina hiyo.