Imani ya Baba, Uchaguzi wa Mwana

Fungu la msingi: Yoshua 24:14–28

Katika sebule nyingi za Waadventista Wasabato kuna kitambaa kilichodariziwa au fremu yenye maneno ya Yoshua 24:15, yale aliyosema juu yake mwenyewe na nyumba yake. Wageni huyasoma wanapoingia, na wenye nyumba hujivunia kuyaona hapo. Lakini ni mara chache mtu huuliza: watoto wa nyumba hiyo, ambao nao wametajwa ukutani, walichagua lini?

Je, mtu anaweza kujichagulia Mungu na imani? Wako wanaosema haiwezekani, kwa kuwa dini hurithiwa kama jina la ukoo: aliyezaliwa humu ni wa humu. Wako na wanaosema kila mtu ajichagulie anachopenda, na kila atakachochagua ni sawa. Yoshua hakukubaliana na upande wowote.

Warithi wanaambiwa wachague

Soma Yoshua 24:2, 14, 15. Watu waliokusanyika Shekemu walikuwa kizazi cha pili. Baba zao walitoka Misri wakiwa watu wazima, wakafa jangwani. Wengi wa waliomsikiliza Yoshua walikuwa wamezaliwa ndani ya agano. Walikuwa na sheria, hema na makuhani. Kama imani ingekuwa urithi, hawa wangekuwa nayo tayari.

Hata hivyo Yoshua aliwaambia wachague, na akawataka waondoe miungu iliyokuwa katikati yao (Yoshua 24:23). Kumbe mtu anaweza kuhesabiwa katika taifa la Mungu huku amehifadhi mungu mwingine nyumbani. Mahali hapo hapo Shekemu, Yakobo aliwahi kukusanya miungu migeni ya watu wa nyumba yake akaifukia chini ya mti (Mwanzo 35:4). Kile ambacho babu alikizika, wajukuu walipaswa kukizika tena kwa mikono yao wenyewe.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1903, Johannes Ehlers na A. C. Enns, wamishonari Waadventista waliotumwa kutoka Ujerumani, walifika katika milima ya Upare wakaanzisha kituo walichokiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Mpare wa kwanza aliyeipokea Sabato aliacha matambiko ya wazee wake, na ukoo mzima ukajua kwamba amechagua. Leo kitukuu wake akienda kanisani siku ya Sabato, hakuna anayeshangaa. Babu aliiacha njia ya baba zake ili amfuate Mungu, ilhali kitukuu anaweza kwenda kanisani kwa sababu tu ni njia ya baba zake. Nje matendo ni yale yale, lakini sababu ya moyoni inaweza kuwa ile ile iliyomzuia jirani wa babu yule asiitike mwito.

Kanisa lenyewe linalikiri hili kwa utaratibu wake wa ubatizo. Mtoto mchanga huombewa na kuwekwa wakfu. Habatizwi. Maji yanamngoja mpaka aweze kuchagua mwenyewe.

Kuchagua hakumuumbi Mungu

Soma Isaya 44:14–17. Nabii anamwonyesha mtu aliyekata mti. Sehemu moja anaotea moto na kuokea mkate, na iliyobaki anaifanya mungu na kuisujudia. Mtu huyo alichagua kwa uhuru kabisa, hakuna aliyemlazimisha. Lakini uhuru wake haukulipa lile gogo masikio ya kumsikia.

Hapa ndipo wanaposema kila chaguo ni sawa wanapokosea. Mtu anaweza kuchagua barabara ya kwenda Same, lakini hawezi kuchagua Same iwe wapi. Vivyo hivyo anaweza kuchagua atakayemtumikia, lakini hawezi kuchagua nani awe Mungu. Manabii wa Baali pale Karmeli hawakukosa bidii. Waliita tangu asubuhi, wakajikata kwa visu, na hapakuwa na sauti (1 Wafalme 18:26–29). Unyofu wa mwabudu ni jambo jema, lakini haugeuzi uongo kuwa kweli.

Je, moyo huamrishwa?

Wengine watauliza: mtu huchaguaje kuamini? Imani si shati, useme leo navaa hili. Anayetilia shaka hawezi kujiamuru asubuhi kwamba kufikia jioni shaka iwe imekwisha.

Swali hilo ni la haki. Biblia nayo inasema hakuna awezaye kumjia Kristo asipovutwa na Baba (Yohana 6:44). Mungu ndiye anayeanza. Lakini anayevutwa hakokotwi: Kristo anabisha mlangoni, na aliye ndani ndiye anayefungua (Ufunuo 3:20). Kufungua, basi, ndicho kitu kinachochaguliwa. Watu wa Beroya walichagua kuyachunguza maandiko kila siku, na wengi wao wakaamini (Matendo 17:11, 12). Ruthu alichagua barabara ya kwenda Bethlehemu pamoja na Naomi, na katika barabara hiyo akaja chini ya mbawa za Mungu wa Israeli (Ruthu 1:16, 2:12). Yesu alifundisha kwamba anayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua kama mafundisho haya ni ya kweli (Yohana 7:17). Mtu hawezi kujiamuru awe na hakika. Anaweza kuchagua kusikiliza, kuchunguza, na kutii nuru ndogo aliyo nayo leo.

Nyumba ya Yoshua

Mfikirie kijana anayerudi kutoka chuoni, na Ijumaa jioni, familia inapofungua Sabato, anasema kwa heshima: “Baba, hii ni imani yenu. Mimi sijui kama ninaiamini.” Mama anainamisha kichwa. Baba anatazama ile fremu ukutani. Atamjibuje?

Baba ana haki ya kuweka utaratibu wa nyumba yake. Amri ya nne inawataja mwana na binti na hata mgeni aliye ndani ya malango (Kutoka 20:10). Duka la familia litafungwa, na saa ya ibada itabaki pale pale. Lakini akisema, “Ukiri sasa au utoke,” atapata moja kati ya mawili: mwana aliyeondoka, au mwana anayesema “ndiyo” ya woga.

Yoshua hakutaka “ndiyo” ya namna hiyo. Watu walipojibu upesi, aliwaambia hawawezi kumtumikia BWANA, kwa kuwa ni Mungu mtakatifu (Yoshua 24:19). Aliwarudisha wapime tena kabla ya kulisimamisha jiwe la ushahidi. Baba anayeridhika na kiitikio cha hofu amepokea kitu ambacho Yoshua angekikataa.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, na ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 32, zinalinda uhuru wa mtu katika mambo ya dini. Waadventista wameutetea uhuru huo kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya Sabato. Ingekuwa ajabu kuudai serikalini na kuunyima mezani pa nyumbani.

Baba wa Luka 15 hakumfunga mwanawe kamba. Wala hakumwambia kwamba nchi ya mbali ni sawa na nyumbani. Nyumba ilibaki mahali pake, na mwana alipokuwa angali mbali baba alimwona. Baba wa yule kijana anaweza kusema, “Mwanangu, asante kwa kusema kweli. Kaa nasi. Uliza maswali yako yote, tuyasome pamoja.” Kisha aombe, na aishi mbele ya mwanawe kama mtu ambaye yeye mwenyewe amechagua.

Israeli walimtumikia BWANA siku zote za Yoshua na za wazee walioishi baada yake. Kisha kikaja kizazi kisichomjua BWANA (Waamuzi 2:10). Jiwe la Shekemu lilishuhudia uchaguzi wa wale waliokuwapo siku ile. Halikuweza kuwachagulia watoto wao.

Maswali ya kujadili

1. Kama usingezaliwa katika nyumba ya Kiadventista, je, ungekuwa Mwadventista leo? Jibu lako linakuonyesha nini kuhusu imani yako?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuheshimu uhuru wa mtu kuchagua na kusema kwamba kila chaguo ni sawa?

3. Darasa lenu linawapokeaje vijana wenye maswali magumu? Je, wanaweza kuyauliza bila kuogopa?

4. Mzazi anaweza kufanya nini wiki hii ili mtoto wake aione imani kama jambo la kuchagua, si desturi ya ukoo?