Kufa kwa Ajili Yetu

Asubuhi moja maabara nilifunua sahani niliyoiacha usiku kucha. Bakteria walikuwa wameifunika kama utando, isipokuwa sehemu moja: kundi dogo la Escherichia coli lilikuwa limezungukwa na duara tupu. Wote waliokuwa jirani nalo walikuwa wamekufa. Kilichowaua kinaitwa kolisini, sumu ambayo André Gratia aliigundua Ubelgiji mwaka 1925.

Kinachonikosesha usingizi si mauaji yenyewe, ni namna yanavyofanyika. Kwa kolisini nyingi, bakteria anayetengeneza sumu hana njia ya kuitoa akabaki hai. Hupasuka na kufa, ndipo sumu inapomwagika. Katika kundi, ni wachache tu wanaofanya hivyo kwa wakati mmoja. Ndugu zao hawadhuriki, kwa sababu jeni ya sumu hukaa pamoja na jeni ya kinga dhidi yake. Asiye na kinga hufa, na nafasi yake huwa ya ndugu wa marehemu.

Je, tumwite shujaa? Tumezoea kumsifu anayejitoa mhanga. Hapa lakini kujitoa na kuua ni tendo lile lile.

Baba yangu mdogo aligombania mpaka wa shamba na jirani kwa miaka tisa. Aliuza ng'ombe, akauza pikipiki, akalipa mawakili. Jirani naye alifilisika, akahama na familia yake. "Nimefanya kwa ajili yenu," baba mdogo alituambia siku zake za mwisho. Ni kweli. Mazao ya kipande kile ndiyo yaliyonilipia ada.

Bakteria hakuchagua, hivyo hastahili sifa wala lawama. Baba mdogo alichagua, na ninaona anastahili vyote viwili. Ukubwa wa alichopoteza unanionyesha alivyotupenda. Haunionyeshi kama alimtendea haki jirani. Hayo ni maswali mawili, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu la kwanza ili nisiulizwe la pili.

Ndugu wa bakteria hula kilichobaki bila kuuliza kimetoka wapi. Mimi siwezi kujitetea hivyo. Binti wa yule jirani tulikaa dawati moja darasa la nne. Wiki hii nimeanza kuulizia walikohamia.