Nani alipanda, nani anavuna?

Hapa kambini Nyarugusu neno hili halikauki midomoni: mtu huvuna alichopanda. Ni kweli, Paulo aliwaandikia Wagalatia hivyo katika sura ya 6. Lakini ndugu zangu, tunalitumia wapi? Jirani akifiwa, ati anavuna. Posho ikipunguzwa, ati baba zetu walipanda vita.

Mimi nauliza. Mama aliyepanda muhogo kule Fizi, akakimbia mwaka 1996 kabla haujakomaa, alivuna nini? Muhogo unataka karibu mwaka mzima ardhini. Aliyebaki na bunduki ndiye aliyeung'oa. Na mtoto aliyezaliwa hapa kambini, yeye alipanda lini? Wanafunzi walimwuliza Yesu swali la namna hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: alikosa yeye au wazazi wake? Yesu akakataa yote mawili.

Tusome basi sura ile ya Wagalatia tangu juu. Kabla ya kutaja mavuno, Paulo anawaambia wabebeane mizigo, na kila mmoja aipime kazi yake mwenyewe. Baada ya mavuno anawaambia wasichoke kutenda mema. Kwa hiyo mbegu ninayopaswa kuichunguza ni ile iliyo mkononi mwangu, siyo shida iliyo mlangoni kwa jirani.

Nikimkuta mtu ana njaa, sina ruhusa ya kumwuliza alipanda nini. Nikimpita tu, hiyo nayo ni mbegu, tena ni yangu.