Mita 60 Kutoka Wapi?

Mzee wa hadithi hii usimtafute Singida mjini, nimemtunga. Ziwa lake sikulitunga.

Alikuwa dereva wa malori, amestaafu, mafao yamo mkononi, akauziwa kiwanja kando ya Ziwa Kindai. Ulikuwa mwaka wa ukame. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha uwanja mpana wenye ukoko mweupe wa chumvi, mbuzi wakipita wanaugonga kwato kama mihuri. Mzee hakuwa mjinga. Habari ya mita 60 alishaisikia. Akanunua tepu, akamshikisha mjukuu wake ncha pale maji yalipoishia, naye akarudi kinyumenyume akihesabu. Zilipofika 60 akaongeza tano za kwake, akapiga mambo, akachimba msingi. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, dalali akachukua chake, nyumba ikapanda: tofali za kuchoma, bati la rangi, kibaraza kinachotazama ziwa.

Mita 60 zenyewe si maneno ya kijiweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Hesabu ya mzee ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni mahali aliposimama mjukuu.

Kindai na mwenzake Singidani hayana mto unaotoa maji yake. Yanayoingia kwa mvua huondoka kwa jua, chumvi inabaki. Ziwa la namna hii halina ukingo mmoja. Fanya hesabu ndogo: ardhi ikiinuka mita 1 katika kila mita 100, maji yakipanda mita 1 tu, ukingo umesogea mita 100. Hapo 60 za sheria na tano za mzee zimekwisha, na bado maji yanadai.

Na hayakuja kwa kishindo. Miaka ya mvua ilipofuatana, choo cha shimo ndicho kilichoanza kujaa, kutokea chini. Kisha plasta ya kibaraza ikaota unga mweupe. Ukiufuta asubuhi, jioni umerudi. Mzee akapaka rangi mara mbili. Siku maji yalipoingia sebuleni alimgeukia mjukuu kwa hasira. Kijana akajibu kwa adabu, "Babu, mimi nilisimama pale uliponiambia."

Mzee mmoja akikosea hivyo, hasara ni yake na watoto wake. Halmashauri ikipima viwanja mwaka wa ukame kwa kufuata maji ya siku hiyo, inaugawia mtaa mzima hasara hiyo, tena kwa ramani na hati.

Naivasha, Kenya, kuna kipimo kingine: ardhi ya ufukwe huhesabiwa kwa kimo cha ziwa cha mwaka 1906, popote maji yalipo leo. Hata hivyo mtaa wa Kihoto ulijengwa humo, na mwaka 2020 ziwa likawafuata watu majumbani. Kwa hiyo mstari kwenye karatasi nao hautoshi. Lazima uonekane ardhini, na pawepo mtu wa kusema hapana msingi ukiwa bado mtaro, si bati likishapigwa. Kuchora X nyekundu kwenye nyumba iliyokwisha kuhamiwa mimi siiti mipango miji.

Singida wapo wazee walioona mvua za El Nino za 1997 na 1998. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati ina ofisi humo humo mjini. Waheshimiwa madiwani, kaeni nao, muwaulize maji yaliwahi kufika wapi, kisha vigingi vya zege vianzie hapo. Nawe unayeonyeshwa kiwanja chenye upepo mzuri wa ziwa, kabla ya kumlipa dalali, chimba shimo la mkono mmoja uonje udongo wake.